Mbwa haji ukimwita? Mfundishe hivi, bila fimbo

Kila wiki napata swali hili, na kila anayeuliza hudhani ni yake peke yake: "Nyumbani ananifuata hadi mlango wa choo. Tukitoka nje nikimwita, ananitazama mara moja, anageuka, anaendelea na mambo yake. Ana kiburi?" Hana kiburi. Anapiga hesabu. Nyasi zile zina harufu ya mbwa watatu waliopita asubuhi, na wewe unalo neno ambalo mara tano zilizopita lilimaanisha kufungwa kamba na kurudishwa ndani. Ungekuwa yeye ungechagua nini?

Kufundisha mbwa na wenye mbwa ndiyo kazi yangu, na natumia njia ya zawadi, ile ambayo wataalamu huiita uimarishaji chanya. Swali hilo nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno, nikaona bora niliandike hatua kwa hatua. Humu nimeshughulika na jambo moja tu, mbwa kuja anapoitwa, kwa sababu ukiliweza hilo umeshajua namna ya kufundisha mengine: kukaa, kulala chini, kutembea bila kuvuta kamba. Tena ndilo linalomwokoa siku lango limeachwa wazi.

Utakuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kulifanya neno "njoo" liwe na thamani. Ya pili ni kulilinda lisiharibike. Wengi huifanya ya kwanza kwa wiki moja, ya pili hawaijui kabisa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Zawadi. Chemsha nyama ya kuku bila chumvi wala viungo, toa mifupa yote, kisha katakata vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Ndiyo, punje ya harage, hata kama mbwa wako ana kilo 40. Mbwa huhesabu mara alizopokea kuliko ukubwa wa kipande, na kipande kikubwa humfanya asimame kutafuna huku somo likipoa. Chakula chake cha kila siku kinafaa kwa mazoezi ya sebuleni, lakini nje kwenye vishawishi utahitaji kitu kinachonukia zaidi. Zawadi zisizidi sehemu 1 ya 10 ya chakula chake cha siku. Zikizidi, punguza kwenye bakuli lake.

Usimpe kamwe chokoleti, zabibu (mbichi au kavu), kitunguu maji, kitunguu saumu, wala kitu chochote chenye zailitoli, ile sukari mbadala ya kwenye bazoka zisizo na sukari na aina fulani za siagi ya karanga. Hivyo ni sumu kwa mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali na kuchoma utumbo.

Kipochi cha kiunoni. Mfuko wa suruali haufai, maana mkono huchelewa kutoka.

Mkanda wa kifuani na kamba ndefu. Kamba ya mita 5 inatosha kuanzia, baadaye ya mita 10. Kamba ndefu hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Mbwa akikimbia mita 10 kisha kamba ikamkata shingoni ghafla, utamuumiza.

Neno la kuitia. Kama "njoo" umeshalipigia kelele miaka miwili bila kuitikiwa, liache. Tafuta jipya ambalo halijawahi kumletea shida: "hapa", "kwangu", lolote fupi. Humu nitaendelea kuandika "njoo", wewe weka lako.

Neno la kumwambia amepatia. Mimi hutumia "tiki", kama tiki ya mwalimu kwenye daftari. Ni fupi, kali, na halisemwi ovyo nyumbani. "Safi" na "vizuri" huzisikia kutwa nzima zikisemwa kwa watu wengine, zinakosa makali. Ukipenda, nunua klika, kile kidude kidogo cha mkononi kinachotoa mlio uleule kila unapokibonyeza.

Muda. Dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku. Nusu saa mfululizo inamchosha yeye na inakukasirisha wewe.

Jambo la mwisho la kuandaa ni mbwa mwenyewe: awe mzima. Niliwahi kuletewa mbwa wa miaka 11 "mkaidi", nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake asigeuke hata sikio. Alikuwa haisikii dunia. Ukiona mbwa ameanza ghafla kutoitika, au anakuja akichechemea, nenda kwa daktari wa mifugo kwanza.

Nadharia kidogo, nakuahidi ni aya moja

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Edward Thorndike alihitaji paka na visanduku vya mbao kufika palepale: tendo linalomletea mnyama kitu kizuri hurudiwa. Mwanasaikolojia mwingine, B. F. Skinner, akaja kulichambua zaidi, na wakufunzi tukachukua tunachohitaji. Jambo la kushika ni muda. Mbwa huunganisha zawadi na alichokuwa akifanya sekunde hiyo, si nusu dakika nyuma. Ndiyo maana tunahitaji "tiki": inapiga picha ya tendo, halafu mkono unapata nafasi ya kuleta kipande.

Hatua

1. Ipe "tiki" maana. Kaa na mbwa kwenye chumba kitulivu. Humwombi afanye chochote. Sema "tiki", kisha peleka mkono kipochini, toa kipande, mpe. Tulia kidogo. "Tiki", kipande. Mara 15 hivi, kisha mwache. Rudia jioni na kesho yake.

Angalia mkono wako, maana hapa ndipo karibu kila anayeanza hukosea. Mkono huanza kwenda kipochini huku mdomo ukiwa bado haujasema. Mbwa anasoma mkono, neno linabaki kelele tu. Mpangilio ni neno, kisha mkono, kila siku. Nikifundisha watu huwa nawaambia washike mikono nyuma ya mgongo hadi waseme "tiki", ndipo waiachie. Inachekesha kuangalia lakini inafanya kazi.

Utajua imeingia hivi: subiri atazame pengine, sema "tiki" kwa sauti ya kawaida. Kichwa kikigeuka kwako haraka, masikio mbele, endelea na hatua ya 2.

2. Mlipe akija mwenyewe. Bado hujamwita. Zunguka nyumbani na kipochi chako. Kila anapokujia kwa hiari yake, "tiki" angali njiani, kisha angusha kipande katikati ya miguu yako. Usimrushie alipo. Mahali chakula kinapotua ndipo mahali mbwa atakapopapenda, na sisi tunataka apapende miguuni pako. Siku mbili tatu za namna hii na utaanza kumwona anakuja kukuchungulia bila sababu. Usimfukuze! Hicho ndicho tunachonunua.

3. Sasa weka neno. Subiri ameshaanza kukujia na una hakika atafika. Hapo useme "njoo", mara moja, kwa sauti ya furaha. Akiwa njiani, "tiki". Akifika, kipande. Baada ya mara 20 au 30 za hivyo, anza kulisema mapema kidogo: amesimama hatua tatu, anakutazama, "njoo". Kisha akiwa anatazama pengine ndani ya chumba hichohicho.

Mara moja. Nasisitiza hapa kwa sababu nimesimama kando ya watu wengi wakiita "njoo, njoo, Simba njoo, njoo bwana, njooo!" na Simba anakuja kwenye ile ya mwisho, yenye hasira. Simba amejifunza vizuri tu: neno lake la kuitwa ni "njoo" ya tano. Ukisema mara moja asije, usirudie. Piga ulimi, chuchumaa, piga magoti yako kwa viganja, au kimbia kwa kurudi nyuma. Mbwa huvutwa na kitu kinachoondoka. Akija, mlipe, na ukumbuke kwamba wewe ndiye uliyeomba jambo gumu kabla ya wakati.

Usimsogelee ukiinama mbele huku unaita. Kwa mbwa mwili ulioinama kumwelekea ni kumzuia, si kumkaribisha. Geuka ubavu.

4. Shika mkanda ndipo ulipe. Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka na mbwa wangu mwenyewe. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi hii. Kila jioni nilimwachia akimbie uwanjani, na muda ukiisha namwita, anakuja mbio, nampa kipande, namfunga kamba, tunarudi. Wiki ya tatu akaanza kusimama mita tatu mbele yangu. Ananitazama usoni, mkia unapepea, masikio yamesimama, lakini miguu haisogei. Nikisogea hatua moja, naye anarudi hatua moja. Alikuwa amenisoma kuliko nilivyomsoma: kipande kizuri, ule mkono wa pili ndio mbaya.

Dawa yake ni hii. Akifika, peleka mkono taratibu chini ya kidevu chake, gusa mkanda wa shingoni, na mkono ukiwa umeshika, toa kipande kwa mkono mwingine. Kisha achia. Anza kwa kugusa tu. Siku inayofuata shika. Kisha shika na uvute kidogo sana. Mkono kwenye mkanda uwe habari kwamba chakula kinakuja. Usipitishe mkono juu ya kichwa chake, mbwa wengi hukwepa.

5. Mwachie arudi alikotoka. Kati ya kila mara 10 unazomwita kwenye mazoezi, mara 9 mlipe, mwachie mkanda, mwambie "haya nenda" aendelee kunusa. Mwanasaikolojia David Premack alilionyesha hili mwaka 1959: jambo ambalo mnyama analipenda sana laweza kuwa malipo ya jambo asilolipenda hivyo. Kwa mbwa aliyekuwa akinusa shina la mti, ruhusa ya kurudi kwenye shina lile ni malipo kuliko nyama. Na hapo kuitwa kunaacha kuwa mwisho wa starehe.

Sasa ile kazi ya pili niliyoitaja, ya kulinda neno. Mambo yafuatayo usimwitie "njoo" hata siku moja: kuogeshwa, kukatwa kucha, kupewa dawa, kufungiwa ndani unapotoka, kukemewa kwa kiatu alichotafuna. Kwa hayo mfuate mwenyewe alipo ukamchukue kwa utulivu. Muda wa kurudi nyumbani ukifika, mwite mara tatu nne za kumlipa na kumwachia, ndipo ya tano umfunge. Au mwite, mfunge, mcheze naye dakika mbili, kisha ndiyo muanze kutembea.

6. Ongeza ugumu, kimoja kimoja. Mambo mawili hufanya kuja kuwe kugumu: umbali na vishawishi. Usipandishe yote siku moja. Ukitoka sebuleni kwenda uani, rudi kwenye hatua tatu za umbali. Ukiongeza umbali, chagua saa ambayo hakuna mtu anayepita.

Mfuatano wangu wa kawaida ni huu: chumba kitulivu, chumba kingine ambako hakuoni, uani, uwanja usio na watu, kwa kamba ndefu, uwanja uleule mtu akipita mbali, mbwa mwingine akiwa mita 50, kisha 30, kisha 15. Usipande hadi aje mara 8 kati ya 10 kwa mwito mmoja. Akikosa mara mbili mfululizo, shuka ngazi moja, wala usione aibu. Mbwa hajui kwamba "njoo" ya sebuleni ndiyo "njoo" ya uwanjani. Kwake hayo ni masomo mawili tofauti hadi umfundishe kwamba ni moja.

Watoto wa mbwa hupanda ngazi hizi haraka, kwa sababu wa miezi mitatu bado anaogopa kukupoteza. Usidanganyike. Utarudia karibu zote akibalehe.

7. Tumia kamba ndefu kama wavu, si kama usukani. Iachie iburuzike chini. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mbwa asipoitika hapati zawadi ya kumkimbiza paka, basi. Usimvute nayo kama ndoo ya kisimani. Umemwita, hajaja? Kanyaga kamba asiendelee mbele, simama, subiri. Wengi hugeuka ndani ya nusu dakika. Akigeuka tu, "tiki", rudi nyuma kwa mbio, mlipe miguuni.

Usiizungushe kamba mkononi wala kwenye vidole hata kama ni kwa sekunde moja. Mbwa wa kilo 30 akichomoka anaweza kukuvunja kidole. Vaa glovu, na usiitumie mahali penye watoto wadogo wanaokimbia au mbwa wengine waliolegezwa, itawazonga miguu.

8. Punguza vipande, usipunguze malipo. Baada ya wiki kadhaa za kulipa kila mara, anza kubadilisha. Mara kipande, mara mpira unarushwa, mara "haya nenda", mara kusuguliwa kifua kama anapenda (wapo wasiopenda, tazama kama anasogea karibu au anakwepa). Na mara mojamoja, akikuacha mdomo wazi kwa kumwacha paka na kukujia, mwagia mvua: vipande sita, kimoja baada ya kingine, na maneno matamu. Vyote kwa mpigo vitamezwa kama kimoja.

Kuna siku utajisikia kusema sasa amejua, zawadi basi. Naomba siku hiyo ukumbuke mshahara wako.

9. Filimbi ya dharura. Si lazima, lakini nisingekaa na mbwa bila hii. Chagua mlio ambao haupigwi kwa jambo jingine lolote. Mara moja kwa siku, nyumbani, piga, kisha mpe kile anachokipenda kuliko vyote duniani, kwa wingi. Fanya hivyo wiki tatu. Baadaye mara moja kwa wiki inatosha. Hii huipigi kwa mazoezi magumu, wala huipigi kwa majaribio ya kuwaonyesha wageni. Imewekwa kwa ajili ya siku ya lango na gari.

Ikikwama

*"Anakuja akiona nyama tu."* Basi unampa rushwa, hujaanza kumpa mshahara. Rushwa huonyeshwa kwanza, mshahara hulipwa kazi ikishafanyika. Ficha kipochi mgongoni, au weka vipande kwenye kopo juu ya kabati, umwite mikono mitupu, "tiki", kisha mkimbie pamoja hadi kwenye kopo.

*"Nje hataki hata hiyo nyama, anaitema."* Mbwa anayeitema nyama aipendayo ana hofu au amezidiwa na yanayomzunguka. Mtazame: analamba pua, anapiga miayo bila usingizi, anageuza uso, mkia umeshuka. Hapo hakuna somo litakaloingia. Sogea mbali na kinachomtisha hadi aweze kula, na uanzie hapo, hata kama hapo ni mlangoni pako.

*"Alikuwa anajua kila kitu, sasa ana miezi minane amesahau."* Ni ujana. Dunia imempanukia na pua yake imekua. Rudisha kamba ndefu, rudisha vipande vizuri, shuka ngazi mbili. Kwa mbwa wengi hali hii hupoa kati ya mwaka na mwaka na nusu hivi.

*"Alitoroka nusu saa, amerudi mwenyewe. Nimchape ili ajue?"* Atajua, ndiyo: atajua kwamba kurudi kwako kunauma. Meza hasira, mpe kipande, mfunge, ingia ndani. Najua ni vigumu. Mimi hugeukia ukuta kwanza nikavuta pumzi.

*"Ni mkubwa ameshakomaa. Samaki si hukunjwa angali mbichi?"* Methali ni nzuri kwa samaki. Mbwa wa miaka saba hujifunza vizuri, mara nyingi ana utulivu kuliko mtoto. Kinachochelewesha ni mazoea ya zamani kwenye neno la zamani, ndiyo maana nikasema badilisha neno.

*"Anafukuza kila kinachokimbia: paka, baiskeli, watoto."* Kufukuza kwenyewe ni zawadi kwake, na kila mara anapofanikiwa amejilipa mwenyewe. Kwa huyu kamba haitoki kabisa kwa sasa. Ukiona pia ananguruma au ameshawahi kung'ata, usiendelee na mwongozo huu peke yako. Tafuta mtaalamu.

*"Kwa nini nisimvishe kola ya umeme, imalize kazi kwa siku moja?"* Kwa sababu huwezi kumchagulia atakachokiunganisha na maumivu. Unabonyeza kwa sababu hakuja. Yeye sekunde hiyo alikuwa anamtazama mtoto anayepita, na sasa watoto ni hatari. Mbwa wa namna hiyo huletwa kwangu baadaye, kumtengeneza ni kazi ya miezi. Wales ilipiga marufuku kola hizo mwaka 2010, na mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia kilitoa tamko kikishauri mbwa wote wafundishwe kwa zawadi, hata wale wenye ukali.

Ukitaka kumlipa mkufunzi

Fahamu kwamba katika nchi nyingi kazi hii haina leseni. Mtu yeyote anaweza kuamka leo akajiita mkufunzi wa mbwa. Kuna vyeti vya hiari, kwa mfano vile vya CCPDT, baraza la kutoa vyeti kwa wakufunzi wa mbwa lililoanzishwa Marekani mwaka 2001, ambavyo mtu hupewa baada ya saa za kazi na mtihani. Cheti ni dalili njema, lakini nimeona wenye vyeti wasiojua kumsoma mbwa, na wasio navyo wenye mikono ya dhahabu. Kwa hiyo uliza.

Uliza mambo mawili kwanza. Mbwa wangu akipatia, utamfanya nini? Akikosea, utamfanya nini? Majibu yawe ya wazi, ya mikono na vitu: nitampa hiki, nitasogea mbali, nitarahisisha zoezi. Akikujibu kwa maneno ya mzunguko kama "nitamsahihisha kwa nguvu anayoielewa", mwambie akuonyeshe kifaa atakachotumia. Akitoa mnyororo wenye meno au kola ya umeme, umeshapata jibu.

Anayekuhakikishia matokeo kwa siku saba, mwache. Anayetaka kumchukua mbwa wiki mbili na hataki uje kutazama, mwache pia. Na anayekwambia mbwa wako anataka kukutawala, kwamba lazima uwe kiongozi wa kundi kama mbwamwitu, anatumia maelezo yaliyopitwa na wakati. L. David Mech, mtafiti aliyechangia kulieneza neno "alfa" kwa mbwamwitu, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna mapinduzi yanayopangwa sebuleni kwako.

Kisha omba kuhudhuria kipindi chake bila mbwa wako, ukae pembeni, usimtazame mwalimu hata kidogo. Tazama mbwa walioko pale. Midomo imelegea? Wanamkimbilia mwalimu anapotoka nje na kurudi? Ukimwona mbwa amekaa kimya pembeni, mkia umebanwa kati ya miguu, macho chini, na mwalimu anakuambia "unaona sasa ametulia", shukuru kwa muda wake na uondoke.